Udhalilishaji: mahkama tumezijenga, wa kukaa na kijana hatuna

Kila mwezi Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar hutoa takwimu za udhalilishaji, yaani ukatili wa kijinsia kwa wanawake na watoto, na kila mwezi mazungumzo yanayofuata huwa yale yale. Zikipanda, watu wanataka vifungo virefu zaidi. Zikishuka, wilaya husika hupongezwa. Kote kuwili takwimu zinasomwa vibaya, kwa sababu kinachohesabiwa pale ni kesi zilizoingia kwenye vitabu, na watoto walioumizwa bila ya kuripotiwa hawamo. Wilaya ambayo mratibu wa shehia (eneo dogo la utawala chini ya wilaya) anaaminika na gari ya kumfikisha mtoto hospitali inapatikana itaandikisha kesi nyingi. Wilaya ambayo mambo yanamalizwa ukumbini kwa mjomba itaandikisha chache, na itaonekana salama. Ninachosema ni kwamba Zanzibar imefanya kazi kubwa upande wa sheria na upande wa kupokea kesi, lakini imeacha wazi sehemu inayoamua kama kijana wa miaka 13 hadi 17 atafika kwenye mlango wa kuripoti au hatofika, na akifika kama atabaki hadi hukumu. Sehemu hiyo ni kazi ya vijana: mtu mzima aliyefunzwa, anayelipwa na anayesimamiwa, ambaye kijana anaonana naye kila wiki kabla jambo halijaharibika.

Tusidharau kilichojengwa. Sheria ya 1985, iliyoruhusu kumfunga msichana asiyeolewa kwa kupata mimba, iliondolewa 2005. Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 ilimweka chini ya ulinzi kila aliye chini ya miaka 18, na mwaka huo huo kikafunguliwa kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakutana chini ya paa moja ili mtoto asizungushwe ofisi nne kueleza jambo lile lile mara nne. Vituo vya namna hiyo vikafuata sehemu nyengine za Unguja na Pemba. Sheria ya Adhabu ya 2018 iliweka vifungo vizito kwa makosa haya, hadi maisha, na kuanzia 2021 tukawa na mahkama maalum za udhalilishaji. Ukiweka yote haya pamoja, utaona kwamba fedha na juhudi zimekwenda kwenye siku ile ambayo mtu ameshaamua kusema. Miezi inayotangulia siku hiyo, na miezi inayoifuata, haina mwenyewe.

Kuna sababu ya kiutawala inayochangia, na haisemwi sana. Kwa sheria, mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Kwa sera, kijana ni wa miaka 15 hadi 35. Mwenye miaka 15, 16 au 17 yumo katika makundi yote mawili, na kwa vitendo hahudumiwi na lolote. Mipango ya watoto ikisema mtoto, picha iliyo kichwani ni ya mtoto wa miaka saba. Mipango ya vijana ikisema kijana, inakusudia mwenye miaka 25 anayetaka mkopo wa bodaboda au mafunzo ya ujasiriamali. Baraza la Vijana lililoanzishwa kwa sheria ya 2013 ni jukwaa la kusema na kushiriki, na ni jambo jema, lakini msichana wa Micheweni, Pemba, aliyeacha skuli Machi na hajulikani analala wapi hatokwenda kwenye jukwaa. Huyu anahitaji mtu atakayegundua Machi hiyo hiyo kwamba haonekani.

Na wavulana wamesahauliwa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa 2009 ulionesha jambo ambalo hadi leo halijaingia katika mipango yetu: kwa Zanzibar, waliosema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18 walikuwa takriban asilimia 6 ya wanawake na asilimia 9 ya wanaume. Bara hali ni kinyume, wanawake wako mbele kwa mbali. Tunaojua maisha ya hapa hatuna haja ya kushangaa sana. Mvulana akibaleghe hutolewa chumba cha ndani, akalala geto, chumba cha nje cha wavulana, na wakubwa kuliko yeye. Hufuatana na wavuvi dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, wiki nzima hayupo mikononi mwa mzazi. Msimu wa karafuu Pemba, watoto wa kike na wa kiume huingia mashambani kuokota mpeta, yaani karafuu zilizoanguka chini, na anayezinunua kwao ndiye anayejua nani yuko peke yake. Kwenye fukwe za watalii za Nungwi na Paje, mvulana wa miaka 14 huanza kwa kubeba mabegi na kuuza vikuku, akaishia kufuatana na watu ambao hakuna wa nyumbani anayewajua. Mvulana huyu akiumizwa hasemi, kwa sababu anajua jina atakalopewa mtaani. Kwa hivyo hamo katika takwimu za mwezi, wala hatokuwamo hata tukiongeza mahkama kumi.

Kazi ya vijana ikifanywa sawasawa inaonekana kama haifanyi kitu, na hapo ndipo wafadhili na wakubwa huivunjia heshima. Mfanyakazi anakwenda mahali vijana walipo: uwanja wa mpira saa kumi jioni, barza, pwani dau zinaporudi, nje ya chuo cha Kurani watoto wanapotoka. Wiki za mwanzo haulizi lolote zito. Anajua majina, anajua nani yuko timu gani, anashika ahadi ndogo ndogo: akisema atakuja Jumanne, anakuja Jumanne, hata mvua ikinyesha. Kijana aliyezoea kuachwa hupima watu kwa hilo tu. Mazungumzo ya maana huja wakiwa ubavu kwa ubavu, wanaparua samaki au wanatembea kurudi mtaani. Ana kwa ana mezani humfanya kijana ajione yuko polisi. Mfanyakazi mmoja anaweza kuwajua kwa majina vijana hata 60, lakini wa kuwafuatilia kwa karibu wasizidi 12 hadi 15. Akipewa 40 atabaki kujaza fomu, na fomu zitajaa vizuri kabisa huku vijana wakipotea.

Yako mambo ambayo lazima ayaseme mapema, kabla kijana hajafungua moyo. La kwanza ni mpaka wa siri. Maneno ni mepesi: "Utakayonambia ni yako, mdogo wangu, isipokuwa mambo matatu: ukitaka kujidhuru, ukiwa unadhuriwa, au ukitaka kumdhuru mwenzako. Hapo nitalazimika kumwambia mtu, lakini nitakwambia wewe kwanza nani nitamwambia." Anayeahidi siri kamili ili apendwe hujifunga mwenyewe. Siku atakapolazimika kuripoti, kijana atamuona msaliti, na atawaona wasaliti wote watakaomfuata. La pili ni mwenendo wake yeye mfanyakazi. Hakai na kijana nyuma ya mlango uliofungwa. Hamchukui kwake usiku. Hampi fedha mkononi. Nauli hulipwa kwa utaratibu na huandikwa. Hamuandikii ujumbe wa simu saa tano usiku, na simu ya kazi ni ya kazi, inakaguliwa na msimamizi.

Ikifika siku ya kuambiwa, kuna makosa manne yanayoharibu kesi na kumharibu mtoto, na yote hufanywa na watu wenye nia njema. Kosa la kwanza ni kuhoji. "Alikuwa fulani, sio?" ni swali linalompa mtoto jibu, na wakili wa utetezi atalichimba baadaye. Inatosha kusema, "Nieleze ilivyokuwa," kisha kunyamaza, na baada ya hapo kuandika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa, bila ya kuyasafisha. Kosa la pili ni kumuogesha. Mama yeyote hutaka kumtoa mwanawe uchafu, na huo ndio ushahidi unaokwenda na maji. Nguo zilizovaliwa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, hata gazeti lililokunjwa. Zikitiwa kwenye plastiki hutoa unyevu na ukungu, na vinasaba huharibika kabla ya kufika kwa Mkemia Mkuu. Kosa la tatu ni kuanza kwa wazee. Tukiitisha kikao kwanza, siku mbili zimekwisha, na saa zinahesabika: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina saa 120, nayo pia ni bora mapema. Kwa msichana wa kisiwa cha Kojani, Pemba, ambaye lazima avuke kwa chombo kisha apande gari hadi hospitali, kikao cha usiku mmoja kinaweza kuwa tafauti ya kuwahi na kutowahi. Kosa la nne ni kumkutanisha mtoto na mtuhumiwa "waambizane ukweli". Hakuna mtoto aliyetoka salama katika kikao hicho.

Baada ya hospitali ndipo mfumo wetu unapokatika kabisa. Dawa za VVU ni za siku 28, kila siku, saa ile ile. Zinaleta kichefuchefu wiki ya kwanza, na kijana anayelala chumba kimoja na ndugu watano hana pa kuzificha. Wengi huacha hapo, wala haihitaji uhalifu wowote wala uzembe, inahitaji tu kutokuwapo mtu wa kuuliza, "Jana ulimeza? Ulitapika?" na kumwambia azile baada ya chakula cha usiku. Kisha inakuja mahkama. Kesi ikiahirishwa mara mbili tatu, shahidi mmoja yuko dago, mwengine amevuka Tanga, mama amechoka kukodi gari, na jamaa wa mtuhumiwa wameshaanza kupita nyumbani na sahani ya halua. Hapa ndipo muhali, ile haya ya kumvunjia mtu heshima au udugu, unapofanya kazi yake. Mfanyakazi wa vijana hamfundishi mtoto ushahidi, na akimfundisha ameiua kesi. Anachofanya ni kumuonesha kabla nani anakaa wapi katika chumba cha mahkama, kumwambia kwamba akiwa hajui ajibu "sijui", kumsindikiza siku ya tarehe, na kumrudisha skuli kesho yake ili maisha yasisimame mpaka hukumu. Si kazi ya polisi hii, wala ya daktari. Ofisa ustawi wa jamii angeiweza, lakini ana wilaya nzima.

Wanaotaka adhabu kali zaidi wana hoja ambayo naiheshimu: kwa miaka mingi wenye makosa haya walitoka kwa dhamana wakarudi mtaani wakamcheka mtoto. Sheria ilipowafungia watuhumiwa dhamana, ilimwambia mtoto kwamba dola iko upande wake. Lakini kinachomzuia mkosaji ni uhakika wa kukamatwa na kutiwa hatiani kuliko urefu wa kifungo, na uhakika huo unategemea shahidi anayebaki. Adhabu ikiwa ya maisha na mtuhumiwa ni baba mdogo anayelisha nyumba, shinikizo la kuifuta kesi linapanda pamoja na adhabu. Mama anaambiwa: ukisema hivyo, umemzika. Kwa hivyo adhabu kali bila ya mtu wa kusimama na mtoto na mama yake inaweza kupunguza idadi ya wanaotiwa hatiani. Tena wapo watuhumiwa ambao wenyewe wana miaka 16, na kwa hao jela ya wakubwa ni kiwanda cha kesi za kesho.

Hoja ya pili ni kwamba kazi hii ni ya wazazi, jirani na maalim, na kwamba zamani mtoto alikuwa wa mtaa mzima. Ni kweli, na bado ndiyo nguvu kubwa tuliyonayo. Mfanyakazi yeyote anayejenga bila ya kumshirikisha maalim wa chuo na sheha anajenga juu ya mchanga. Ila katika kesi nyingi anayemuumiza mtoto ni mtu anayemjua: jirani, jamaa, mara nyengine mwalimu. Mlango ukiwa mmoja na aliyekaa mlangoni ndiye mwenye kosa, au ni shemegi yake, mtoto hana pa kupita. Tunahitaji mlango wa pili. Simu ya 116 ya kusaidia watoto, ambayo ni ya bure, ni sehemu ya mlango huo, lakini anayepiga anahitaji kwanza kuwa na simu, kisha kuamini kwamba upande wa pili kuna mtu wa kweli. Imani hiyo huletwa na uso anaoujua.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba ukimuuliza kijana kuhusu kujiua au kuhusu unga (heroini) unamtia mambo kichwani. Husemwa kwa kujiamini, na walimu wengi wanaiamini. Tafiti za kujiua zimelipima jambo hili mara nyingi, na hazikuona kwamba kuuliza wazi kunaongeza hatari. Kwa baadhi kunaweza kupunguza, kwa sababu kijana anaona jambo limetamkika. Anayesema "natamani nisiamke" aulizwe moja kwa moja: unafikiria kujiua? Umefikiria vipi? Kitu hicho kiko karibu? Akisema sumu ya wadudu ya shambani au vidonge vya bibi, hatua ya kwanza ni kuviondoa nyumbani leo, kabla ya nasaha yoyote, maana wimbi la kutaka kufa mara nyingi huwa fupi na kinachoua ni kile kilichokuwapo karibu wimbi lilipokuja. Kisha wanaandika pamoja dalili anazozijua mwenyewe, mambo mawili matatu yanayomtuliza, watu wawili wa kuwaita, na nani atalala naye usiku ule. Mawaidha ya dhambi na moto yanaweza kungoja. Usiku huo hayamsaidii, na humfanya asirudi.

Hoja ninayoiona nzito kweli ni nyengine: vipi tukimwajiri mtu huyu akawa yeye ndiye mbaya? Popote duniani, kazi inayompa mtu mzima nafasi ya kuwa karibu na watoto humvuta mwenye nia chafu. Kujibu kwa kuapa kwamba tutachagua watu wacha Mungu hakutoshi. Jibu ni utaratibu: kuulizia kila mahali alikowahi kufanya kazi kwa mazungumzo, barua pekee haitoshi, miezi sita ya majaribio bila ya kesi za karibu, wafanyakazi wawili, mwanamke na mwanamme, kwa kila eneo, kikao na msimamizi kila wiki mbili, ambapo kila kijana anatajwa na kila mkutano unaelezwa, na vijana wenyewe kuambiwa siku ya kwanza nani wa kumlalamikia, aliye nje ya shehia yao. Shirika lisiloweza kumudu usimamizi huo lisiruhusiwe kabisa kuanza. Kuwa na wafanyakazi wasiosimamiwa ni vibaya kuliko kutokuwa nao.

Kuna jengine la kuachwa mara moja: kuwakusanya vijana wote wenye matatizo katika kundi moja na kuwapa semina. Mvulana aliyevuta bangi mara tatu akiwekwa na wanaouza, anatoka na biashara. Kundi zuri huchanganya: kwa kila mmoja aliye hatarini, wawili watatu wasio na shida kubwa, na kitu cha kufanya pamoja, ufundi, mpira, kushona nyavu. Kwa sababu hiyo hiyo mwenye miaka 16 asipelekwe nyumba ya upataji nafuu ya watu wazima waliotumia unga miaka kumi, hata kama baba yake amekata tamaa na yuko tayari kulipa. Anayetumia heroini kwa kweli anahitaji matibabu, na kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, imekuwapo Kidongo Chekundu, mjini Unguja, tangu 2015. Lakini idadi kubwa ya vijana wanaopelekwa kwa nguvu hawajafika huko.

Ikiwa haya ni sahihi, basi tunachopima kila mwezi kibadilike. Pamoja na idadi ya kesi, tuambiwe kwa kila wilaya ni watoto wangapi walifika hospitali ndani ya saa 72, wangapi walimaliza siku 28 za dawa, wangapi walibaki mashahidi hadi hukumu, wangapi walikuwa skuli miezi sita baadaye, na wavulana ni wangapi katika hao. Takwimu hizo haziwezi kupambwa kwa kunyamaza, na zitaonesha wapi mnyororo unakatika. Tena tusianze na wilaya zote 11. Wilaya moja ya Pemba na moja ya Unguja zinatosha kwa miaka mitatu, jozi moja ya wafanyakazi kwa kila shehia tatu au nne, kwa ajira ya mkataba usiopungua miaka miwili. Kujitolea kwa posho ya semina hakutafaa, maana kijana aliyeachwa na mtu wa tatu ndani ya mwaka mmoja hatomuamini wa nne. Waajiriwe waliokwisha fanya kazi na vijana, wakiwamo maalim wa vyuo na makocha wa mitaani wanaoaminika, wafunzwe kwa miezi mitatu, nusu ya muda huo wakiwa mtaani pamoja na mzoefu. Mshahara wao, nauli, na mshahara wa msimamizi viwe kifungu kimoja katika bajeti ya wilaya, kisichohamishiwa kwenye maadhimisho ya siku ya mtoto.